Viraka vya Marehemu Wiebren

Wiebren Wiarda alizikwa Ijumaa. Jumanne asubuhi, mkewe Sjoukje akiwa anamenya viazi, marehemu aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu na kuuliza nani amezima mashine yake.

"Mimi," alisema Sjoukje. "Umeme si wa bure, na wewe umekufa."

"Iwashe."

Akaiwasha.

Enzi za uhai wake Wiebren alikuwa mlezi pekee wa Terp kwenye mashine za Merel. Terp ni mfumo endeshi wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, na Merel ni aina ya kichakataji ambacho kiwanda chake kilifungwa zamani, kikabaki kuwa tegemeo la wachache wasiopenda kujulikana. Kila Terp ilipobadilika, Merel zilikwama, na Wiebren aliketi akatia viraka vya programu mpaka zikatembea tena. Kazi hiyo ilimlia wikendi zote, likizo zote, na mwishowe moyo.

Pale kijijini, karibu na Franeker, hakuna aliyeshangaa. Jirani yao Baukje alisema tu kwamba Wiebren alikuwa hasalimii akiwa hai, na sasa pia hasalimii. Mchungaji alipekua Maandiko, hakuona neno lolote juu ya kompyuta. Wenzake wa Terp, ambao walikuwa wameleta maua mazishini, walimsifu: tangu afe, anajibu barua pepe upesi zaidi.

Kisha Hidde, kijana wa Utrecht anayeratibu mambo yote ya Terp, akatangaza kwamba Merel zitaondolewa. Zinachelewesha wengine, aliandika, na hakuna anayezitumia.

"Wakiziondoa, wewe utakuja hapa kufanya nini?" Sjoukje alimuuliza mumewe.

Wiebren alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri mambo yote. "Sijui," alisema. "Mimi nilirudi kwa ajili ya kazi."

Siku ya mkutano wa kuamua jambo hilo, Sjoukje alivaa koti lake zuri, akaenda naye.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kijiji, ambao sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Kulikuwa na kahawa na keki yenye sukari ya waridi juu. Hidde alimpa Sjoukje kiti cha mbele.

"Mama, mzee tunamheshimu mno," alisema. "Lakini tuambie, nani anatumia Merel?"

"Pampu, mwanangu. Kila pampu ya huku ina Merel ndani. Bila hizo ungekuwa unaniuliza hilo huku unaogelea."

"Kampuni ya pampu haijawahi kutuandikia hata mstari mmoja."

Bwana wa kampuni ya pampu alikuwa amekaa nyuma kabisa. Watu wakageuka kumtazama. Angekiri, angeombwa mchango, na kwa bahati nzuri mdomo wake ulikuwa umejaa keki.

"Na mlezi mwenyewe ni marehemu," mtu mmoja alikumbusha.

"Hilo si tatizo," alisema Hidde. "Tunao walio hai ambao hawajajibu barua tangu mwaka juzi. Tatizo ni kanuni: walezi wawe wawili."

"Basi wa pili ni mimi," alisema Sjoukje.

"Mama unajua kuandika programu?"

"Najua kumwekea huyu kahawa na kumnyamazia. Bila hivyo msingepata hata kiraka kimoja."

Wakacheka kwa upole, kisha wakapiga kura. Merel ziliondolewa bila pingamizi. Wote wakasimama kumpigia Wiebren makofi, wakamzawadia kikombe.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia hakuja. Sjoukje aliiacha mashine ikiwaka, akala viazi vyake akiwa amekigeukia kiti kitupu, na hapo ndipo alipolia, jambo ambalo mazishini hakupata nafasi ya kulifanya.

Wiki iliyofuata, kampuni ilizipa pampu zake Terp mpya isiyotambua tena Merel, nazo zikazimika. Maji yakajaa, kondoo wakapanda juu ya tuta wakajipanga. Simu ikalia; ilikuwa kampuni ya pampu.

"Mama, mzee yupo?"

"Mzee amekufa."

"Najua, pole sana. Lakini yupo?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Wiebren aliingia, suruali imelowa hadi magotini. "Wameniita," alisema, akaketi. Kufikia alasiri maji yalikuwa yamepungua.

Tangu siku hiyo huja kila asubuhi, hata Jumapili. Kampuni humwandikia moja kwa moja na haijawahi kusema ahsante. Katika taarifa yake ya mwaka, Hidde aliandika kwamba Merel zimeondolewa salama na hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Sjoukje alimsomea mumewe kwa sauti.

"Ni kweli," alisema Wiebren. "Sijalalamika."

Sjoukje aliweka kahawa mezani. "Wiebren. Huko uliko, huwa unanikumbuka?"

"Ngoja kwanza hii imalize."

Sjoukje akavuta kiti, akangoja. Mashine za Merel ni za polepole. Kabla haijamaliza, ikaingia barua nyingine ya kampuni ya pampu. Ilikuwa ya haraka.