Vibao vya Thuraya

Daktari alisema akiangalia faili, hakumwangalia Twahira, mamake mtoto, usoni. Moyo wa mtoto umechoka. Upasuaji haungemfaa tena. "Mpumzisheni. Asikimbie, asipande ngazi." Thuraya alikuwa na miaka sita.

Hawakurudi kwao Mbwajumali. Walikaa Mkomani, katika chumba cha chini nyumbani kwa shangazi wa mumewe Abdulwahid, wasiwe mbali na hospitali. Kila Alhamisi Abdulwahid, aliyefanya kazi mbali, alikuja akimletea bintiye kitu kipya cha dukani: gari la kulia king'ora, mwanasesere wa kuimba, kipepeo cha taa. Siku ya kwanza Thuraya alicheka. Siku ya tatu alikitazama tu, kisha akageukia ukuta.

Twahira akaenda kwa Bi Tima, aliyefundisha chekechea miaka mingi, akamuuliza amnunulie mtoto nini.

"Hutezea nini akiwa hana cha kutezea?" Bi Tima aliuliza.

Twahira aliaga. Alirudi, akakaa mlangoni na ungo wa mchele, akatazama mtoto anavyocheza. Thuraya alikuwa amepanga vikasha vya dawa mkekani. "Hii nyumba ya harusi," alinong'ona. "Hii ndia ya kwenda msikitini." Kesho yake vikasha vilevile vilikuwa soko.

Basi Twahira akamwendea Barka, seremala, akataka vibao. Viwe vya kuenea katika kiganja cha mtoto, viwili vifupi viwe sawa na kirefu kimoja, kingo zipigwe msasa, visipakwe rangi.

"Nikukatie mti laini?" Barka aliuliza. "Ni mwepesi, ila hauchukui muda kuliwa na wadudu."

"Nataka wa kudumu."

Abdulwahid alipokiona kikapu cha vibao, alimvuta mkewe hadi uani. "Vitu vya miaka ishirini, Twahira? Nani atavitezea?"

"Yeye. Siku zote alizobakishiwa."

"Mimi nataka acheke."

"Hucheka siku moja, Abdulwahid. Zile nyingine humwoni. Mimi ndimi niliye naye."

Abdulwahid alimwachia mkono. Alhamisi iliyofuata alikuja mikono mitupu, akakaa mkekani mbali kidogo. Thuraya akampa kazi. "Baba, wewe ni punda. Beba mawe ulete." Abdulwahid akavibeba vibao akitambaa kwa magoti, akilia kama punda, na mtoto akacheka mpaka pumzi zikamwishia, wakaogopa wote watatu.

Miezi minne ilipita hivyo. Mji wa vibao ulijengwa, ukabomolewa, ukajengwa tena. Thuraya alipoishiwa nguvu za kukaa, alilala ubavu akaelekeza kwa kidole, wazazi wakapanga. Siku moja aliagiza chumba kidogo, kuta nne na dari.

"Mlango tuuweke wapi?" Abdulwahid aliuliza.

"Usiweke. Huyu amechoka, hataki wageni."

Abdulwahid aliinuka akatoka, akasimama uani na uso ukutani.

Thuraya alifariki Ijumaa asubuhi, akazikwa baada ya alasiri. Wanawake walipokuja kukaa matanga, ilibidi chumba kitandikwe. Shangazi alipoinama aondoe vibao, Twahira alipiga kelele ambayo hakujua anayo. Abdulwahid aliitwa kutoka barazani. Alipiga magoti, akaviokota kimoja kimoja, akivifuta kwa kanzu yake, na hakuna aliyemsaidia.

Baada ya arubaini, walipokuwa wakifunga mizigo warudi kwao, Bi Tima alikuja kuwaaga. Alikitazama kikapu. "Vingewafaa watoto wa chekechea," alisema taratibu.

"Najua, Bi Tima," Twahira alisema. "Si yeo."

Siku hiyo Bi Tima hakurudia.

Sasa wako Mbwajumali. Kikapu kiko juu ya kabati. Wana wa jirani wakiingia hukiona, huuliza kama vibao vinatezewa.

"Vina mwenyewe," Twahira huwajibu, na huwapa tende watoke.

Abdulwahid humsikia. Mara mbili amefungua kinywa aseme wapewe, kisha akainuka kuwafungulia mlango.