Joho la Wilfred Haworth

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua katika Mtaa wa Inkerman, na kila nyumba ilikuwa imetandaza nguo zake kwenye kamba zilizokatiza uchochoro wa nyuma. Nellie Haworth alilitia koti la shule la mwanawe Wilfred katika pipa la maji ya moto, akalisugua, akalitoa, akaona limekuwa koti jingine. Lilipoingia lilikuwa la buluu, lenye nembo ya mnara mfukoni. Lilipotoka lilikuwa jeusi, fupi, limeishia kiunoni, na kola nyeupe ngumu kama sahani shingoni.

"Umetumia maji ya moto mno," alisema jirani yake, Ada Pickup, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. "Sufu haitaki moto, shoga."

"Ndiyo maji yangu ya siku zote."

"Basi ndiyo ujifunze."

Koti lilikuwa la mtumba. Nellie alilipata kwa familia iliyosomesha wanaume wake katika shule ile ile vizazi na vizazi, kwa kuwa jipya hakulimudu. Mumewe alikuwa amefia vitani, na yeye alifuma pamba kiwandani. Wilfred, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye mtoto pekee wa mtaa ule aliyefaulu mtihani wa kuingia shule ya wavulana ya Holmeshaw, juu ya kilima. Wenzake wote walikwenda shule ya chini ya kilima, ambako walifundishwa kupiga randa mpaka umri wa kiwanda ufike. Nellie aliomba kila usiku Wilfred asije akashuka kilima kile.

Asubuhi Wilfred alivaa alichokuwa nacho. Mwalimu Mkuu, Bwana Lathom, akamwita Nellie na kumgeuzageuza mtoto mbele yake kama mnunuzi wa farasi.

"Hili ni la enzi za babu yangu," alisema kwa furaha ya kweli. "Kola hii! Mzee alizikwa na alama yake shingoni. Ila si sare ya mwaka huu, Bi Haworth."

"Nikilifua tena huenda likarudi, bwana."

"Natumaini. Maana sheria ni msumeno."

Msumeno huo ulikuwa na meno upande mmoja, lakini Nellie aliaga tu akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata alitumia maji ya vuguvugu. Koti likatoka na mikia mirefu nyuma, na ndani yake mlikuwa na kofia ndefu ya hariri, kavu kabisa. Wavulana waliitungua kwa mawe kabla kengele haijalia. Jumatatu nyingine alitumia maji baridi, akavuta vifungo vya shaba, suruali ya magotini na viatu vyenye bizimu. Bwana Lathom alisema shule haikuwa na kielelezo kizuri cha zama hizo, akamshukuru, akamrudisha Wilfred nyumbani.

Wilfred alikaa mezani akila mkate uliopakwa mafuta ya nyama, huku akifanya zoezi la Kilatini, bizimu zikimetameta chini ya meza.

"Wananiita Bwana Jogoo," alisema.

"Nawe unawajibuje?"

"Kwa Kilatini. Wengi hawaelewi."

Nellie alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na wakikurudisha tena?"

"Nafasi yangu anapewa mwingine, Mama. Mwalimu Mkuu kaniambia kwa upole sana."

Basi Nellie akaapa kutolifua tena. Lakini mvua ya Holmeshaw haina simile, nayo ilimnyea Wilfred njiani siku moja kabla ya Siku ya Mwasisi, sikukuu ya kumkumbuka aliyeanzisha shule. Alipofika mlangoni alikuwa amevaa joho la sufu ya kijivu lililofika kwenye vifundo vya miguu, na mkanda wa ngozi. Nellie alilishika. Alikuwa amefuma tangu utotoni na hajawahi kugusa kitambaa kama kile. Lilimkaa mtoto barabara, kama aliyepimwa. Nellie alifurahi mpaka akaketi.

Mji mzima ulilijua joho lile. Lilikuwamo katika picha kubwa ya ukumbi wa shule, ambamo Mwasisi, mfanyabiashara wa sufu, alizungukwa na watoto maskini waliolivaa, wamepiga magoti. Aliusia kwamba watoto wa namna hiyo wasomeshwe na kuvikwa bure, milele. Hili, Nellie alijiambia, hawawezi kulikataa.

Kesho yake yeye mwenyewe akampeleka Wilfred. Bwana Lathom alikuja langoni, akaushika mkono wa joho, machozi yakamlengalenga.

"Ndilo lenyewe," alisema.

"Basi ataingia."

"Ataingiaje bila sare, Bi Haworth?"

"Bwana, si yule mzee wa ukutani aliyewavika watoto hivi?"

"Naam," alisema Bwana Lathom. "Ndiyo maana leo tunamshukuru."

Akaomba joho libaki shuleni, mahali pa kulitunza. Aliomba kwa adabu, na Nellie hakujua namna ya kumnyima mtu mwenye adabu. Wilfred alishuka kilima akiwa na shati tu, chini ya koti la mama yake, huku ukumbini wakiimba kumsifu aliyewavika walio uchi. Waliimba vizuri. Nellie alilia njia nzima, wala hakujifuta.

Joho liliwekwa katika kabati la kioo, chini ya picha. Katika mwaka wa kwanza lilirefuka kidogo, pindo likagusa sakafu ya kabati. Mwaka wa pili mabega yalitanuka. Seremala aliitwa akaongeza mbao, na kila mwaka akarudi, nayo shule ikamlipa bila kunung'unika. Wilfred alipomaliza shule ya chini ya kilima na kuanza kazi kiwandani, kabati lilikuwa na kimo cha mwanamume, na Nellie alikuwa akimshonea kipande kingine kwenye mikono ya koti lake kuukuu, isiyofika tena viganjani.