Nyumba ya Wangui

Mama mkwe wangu alipofariki, wanawe walielewana juu ya kila kitu kabla hata hawajamaliza kumlilia. Sanduku, hema, magari, mpaka rangi ya yale maua ya kubandika kifuani. Jambo moja tu hawakumuuliza mwenye mke, baba yao, nalo ni azikwe wapi.

Mume wangu Muriithi na ndugu yake Kagwe walitaka mama yao azikwe kwenye makaburi ya umma mjini Thika. Shamba la wazazi liko kule juu, upande wa Gatanga, na wakati mama akiwa mgonjwa walikuwa wameshalitafutia mnunuzi. Huyo mnunuzi hakutaka kaburi. Mtu anayepanga kujenga flati hapendi kuonyeshwa msalaba kando ya jikoni. Mzee naye angehamia kwetu Membley, wakasema, apumzike, awe karibu na daktari. Kilichobaki ni neno lake mbele ya watu.

Mimi ni mkwe, tena mkwe wa kutoka Kakamega. Kwetu ukisema utamzika mama wa watu mjini na ilhali ana boma lake, wataanza kuuliza alimkosea nani. Nilimwambia Muriithi hivyo jikoni, mara moja tu, akaniambia niangalie chai isimwagike. Niliiangalia. Hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuichemsha bila gesi.

Kwa kawaida majirani na jamaa hukusanyika kila jioni nyumbani kwa marehemu mpaka siku ya mazishi. Wanaomba, wanapanga, wanakunywa chai. Hawa wangu waliona kule juu hakuna mahali pazuri pa kuegesha magari, kwa hivyo matanga yakaletwa Membley, na Guka akabebwa pamoja nayo kama kiti cha ziada. Namwita Guka, yaani babu, kwa ajili ya mtoto wangu. Jina lake ni Githae. Alikalishwa kwenye kochi la pembeni, kofia magotini, na tangu tulipotoka hospitalini hakuwa ametamka neno. Akisalimiwa alitikisa kichwa. Akiletewa chakula alikigusa kwa kijiko, akakirudisha. Muriithi alisema ni umri, akili inamtoka. Kagwe alisema mtu asipokataa amekubali. Mimi nilimwona mzee anayelia kwa ndani, na nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea huruma marehemu.

Binti yangu ana miaka mitano. Anaitwa Wangui, jina la nyanya yake, maana ndivyo Wakikuyu wanavyofanya: msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na kwao ni kama yule mama amezaliwa tena. Sisi humwita Kui. Lakini Guka, tangu alipowekewa kile kitoto mikononi, alimwita mke wangu. Shosho, yaani nyanya, mwenyewe alikuwa akijifanya ana wivu, na kila Krismasi wale Wangui wawili waligombania mume mbele ya watu mpaka chai inatutoka puani.

Shule zilikuwa zimefungwa, na nyumba ilijaa wageni, hivyo Kui alikuwa anacheza ndani. Ana boksi la vijiti vya plastiki na vimpira vyenye matundu. Unachomeka kijiti hapa, kijiti pale, unaunganisha na vimpira, mpaka fremu inasimama, halafu unaifunika kwa shuka na kuingia chini yake. Kwenye picha ya boksi watoto wamejenga ngome yenye bendera juu. Kui hajawahi kujenga ngome. Yeye hujenga nyumba, na wiki hiyo alijenga moja tu, kwenye kona ya sebule, akikataa isiguswe. Nilipomuuliza ni ya nani akaniambia ni ya shosho. Baba yake alikuwa amemwambia shosho amepumzika. Basi mtoto alikuwa anamtengenezea mahali pa kupumzikia.

Mchana mmoja, wageni wakiwa hawajafika, nilimsikia akiita, "Mume wangu, kuja uone."

Kochi lililia. Magoti ya mzee yakafuata. Nilikuwa jikoni nachambua dengu, na sikusogea. Kwetu mkwe haketi karibu na baba mkwe wake, sembuse kumchungulia akiwa ametambaa chini ya shuka. Kusikia sikuweza kujizuia.

"Mlango umeuweka vibaya," alisema Guka. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu mkewe afariki. Aliyasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sababu Kui hajui Kikuyu, aibu ambayo mimi ndiye ninayebandikwa.

Wakaugeuza mlango. Guka akamwonyesha pa kuweka mafiga, wakatumia vimpira vitatu. Akamwonyesha kitanda kinakaa upande gani, na mbuzi hulala wapi wakati wa baridi. Alikuwa anamwelezea nyumba ya mama yake mwenyewe, aliyolelewa ndani yake. Kui akamuuliza yeye atalala wapi.

"Mimi silali hapa. Mwanamume ana nyumba yake, inaitwa thingira. Mwanamke ana yake."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Akiniita nisikie."

Nilisikia mito ya kochi ikiburutwa. Kumbe walikuwa wanajenga thingira, hatua chache kutoka kwa ile ya shuka, na Kui alikuwa anakwenda huku na huku akiita, na Guka anaitika, wakipima kwa sauti. Mwishowe mtoto akaja jikoni akaniambia mume wake anataka chakula. Nilimpakulia dengu na wali. Sahani ilirudi ikiwa tupu. Nilisimama na ile sahani mkononi nikalia.

Jioni nilimwambia Muriithi nikidhani atafurahi. Alinisikiliza huku akivua viatu. "Si unaona sasa?" akasema. "Mzee anakaa chini ya shuka akiita mtoto bibi yake. Selpha, hiyo ni kichwa imeanza." Nilimtazama mume wangu nikajiuliza ni lini alisahau nyumba alimolelewa. Aliyajua hayo yote kuliko mimi. Ni kwamba safari hii kusahau kulimfaa.

Kesho yake ndiyo siku waliyopanga kumaliza neno. Wangekuja pasta, majirani wa hapa estate, na wazee kutoka kule juu wakiongozwa na Mzee Njau, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi na rafiki wa Guka tangu utoto. Viti vya plastiki vilikuwa vingi na sebule ni ile ile. Muriithi akaibomoa nyumba. Hakufanya kwa ubaya, aliharakisha tu. Alivuta shuka, vijiti vikaanguka, akavisukuma kwa mguu chini ya meza. Kui hakulia. Alipiga magoti akakusanya kimoja kimoja ndani ya boksi, akalikumbatia. Guka alipotoka kuoga akakuta viti mahali pale. Alitazama zulia kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye kochi lake.

Watu walijaa. Baada ya maombi, Muriithi alisimama akaeleza kwa upole, maana ana upole mume wangu akiwa mbele ya watu. Alisema Thika ni karibu kwa kila mtu, makaburi yana mlinzi, na kule juu hakutabaki mtu wa kufyeka nyasi. Kuhusu mnunuzi hakusema, ingawa hakuna asiyejua. Mzee Njau akauliza kama mwenye mke ana neno.

"Mzee hajakataa," Muriithi akajibu haraka. "Na tukisema ukweli, wazee wangu, akili yake siku hizi imechoka. Jana alikuwa chini kwa sakafu akimwita mtoto wangu mke wake."

Alikuwa amelisema hilo ndani ya nyumba iliyojaa Wakikuyu, na hapakuwa na mzee mle ambaye hakuwa na mjukuu wa kumwita hivyo. Nilimwona Kagwe akitazama viatu vyake.

Mzee Njau alikohoa. "Muriithi, hata mimi niko na bibi. Yuko nasari."

Wanawake wakacheka chini kwa chini, lakini si kwa furaha. Masikio ya Muriithi yalikuwa mekundu. Njau akageuza kiti chake chote kumwelekea rafiki yake.

"Githae, kuna mtu alikuuliza?"

"Hakuna," akasema Guka.

Kisha akamwita Kui aje na boksi. Walisogeza viti, na mzee yule akaketi sakafuni kwa suti yake mbele ya pasta na wote, akachomeka vijiti kwenye vimpira huku mtoto akimpitishia. Vijiti vilimteleza. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Nyumba ilipochukua umbo, akaigusa juu.

"Hii ni jikoni ya mama Muriithi. Nilimjengea mimi." Akavuta mto mmoja akauweka pembeni. "Hapa ndio mimi nalala." Akachukua kijiti kimoja akakilaza katikati ya nyumba hizo mbili, upande wa juu kidogo. "Yeye atalala hapa. Nikimwita asisumbuke kunisikia."

Kagwe aliinua kichwa. "Baba, na yule mtu wa shamba tutamwambia nini?"

"Mwambieni mwenye shamba hajakufa."

Muriithi akajaribu tena, na sauti yake haikuwa ile ya mkutano. "Baba, sisi tulitaka tu upumzike."

"Mama yako ndiye amepumzika," Guka akasema. "Mimi bado nina nyumba."

Mzee Njau aliwatazama wazee wenzake, mmoja mmoja, akasema basi, wachimbaji waende kule juu asubuhi, na Githae mwenyewe awaonyeshe. Pasta akasema amina. Kagwe akatoka nje na simu yake. Nilijua anampigia nani, na nilijua kwamba flati hazingejengwa, na kwamba ningesikia lawama zake kila Krismasi mpaka nizeeke. Sikujali. Nilikuwa na furaha ambayo haifai kuonyeshwa kwenye matanga, nikaificha nyuma ya trei ya vikombe.

Wakati huo Kui alikuwa bado amechuchumaa kwenye zulia. Aliangalia kile kijiti kilicholazwa peke yake, bila kimpira, bila shuka.

"Guka, hii ndio nyumba ya shosho?"

"Ndiyo."

"Mlango ni wapi?"

Muriithi alifungua mdomo, na nikajua yanayokuja, malaika na mawingu na kupumzika. Guka alimwinulia mkono.

"Hiyo haina mlango, mke wangu."

"Sasa atatoka aje?"

"Hatoki."

Kui alimtazama usoni akisubiri amalizie, kama anavyofanya mtu akimtania. Guka hakumalizia. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye mashavu ya mzee na hakuyafuta. Hapo ndipo mtoto wangu alipoelewa. Alilia kwa sauti niliyokuwa sijawahi kumsikia nayo, tangu tumboni, akamwangukia babu yake kifuani na ile nyumba ya vijiti ikaanguka chini yao.

Wanawake wawili waliinuka kwenda kumchukua. Niliwazuia kwa mkono. Muriithi, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mochari, alikuwa amepiga magoti nyuma ya baba yake, amemshika koti kwa mikono miwili, analia akimwita mama.