Kumwombea Mama Cherehani

Kazi yangu mimi ni kuua watu redioni. Naandika mchezo wa kuigiza, ule wa saa kumi na moja jioni, dakika kumi na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Katika miaka hiyo nimeshazika kumi na wanne. Wawili ajali, mmoja alitumbukia kisimani, mmoja moyo ulisimama akiwa anacheka, na wengine sikumbuki hata niliwafanyaje. Mwigizaji akianza maringo, muue. Wasikilizaji wakipungua, muue wanayempenda. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya hata mmoja wao.

Waandishi wenzangu tukikutana huwa wananichosha. Huyu anasema hadithi humjia yenyewe, yule anasema wahusika wake humwamrisha, mwingine mpaka afunge na kusali ndipo aguse kalamu. Jamani! Mimi huwaambia wazi kwamba kuandika ni kukaa. Unakaa mpaka kiuno kinawaka moto, unaandika, unafuta, unaandika tena, na mhusika hapigi hata chafya ambayo hujamwandikia. Hakuna wa kukushushia kitu. Wamenipachika jina la Mkavu, na mimi nimelipokea bila kinyongo.

Aliyekuwa hakubaliani nami hata kidogo ni mama yangu. Alihamia kwangu baada ya madaktari kumkuta na saratani ya ini. Nilimwachia chumba changu, nikahamishia godoro langu sebuleni, nyuma ya kabati la vyombo. Kila jioni nilimwekea redio kwenye stuli karibu na mto, naye alisikiliza mchezo wangu huku amefumba macho, asitake mtu aongee. Alinipiga marufuku kumwambia mapema yatakayotokea.

“Usiniletee umbea kabla ya wakati wake,” alisema. “Halafu acha kujisifu kwamba unaandika. Wewe huandiki, unaandikishwa. Kwani mpishi ndiye anayeotesha mchele?”

“Mama, mimi ndiye ninayekaa pale na kuumwa kiuno.”

“Kiuno ni chako. Maneno si yako.”

Basi tukawa tunabishana hivyo, na kusema kweli nilipenda. Akinibishia nilijua siku hiyo ana nguvu.

Siku moja bosi, yaani mtayarishaji wetu, aliniita ofisini kwake, akafunga mlango kwa kisigino kama kawaida yake. “Dada, yule mwigizaji wetu wa Mama Cherehani anahama na mumewe. Mmalize kabla ya mwisho wa mwezi.”

Mama Cherehani alikuwa mshonaji kwenye mchezo wetu, mjane mwenye mdomo usiolala, ana binti mmoja tu. Alikuwa na miaka sita hewani, na watu walimpenda kupita kiasi. Kwa bahati, miezi mitatu kabla nilishamtia ugonjwa wa tumbo na kumlaza kitandani, kwa hiyo kumuua ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia bosi asiwe na wasiwasi, Ijumaa tunazika.

Nilirudi nyumbani mchana. Kesho yake mama alikuwa aanze hospitali awamu ya pili ya dripu za dawa ya saratani, nikawa natafuta kadi yake. Alikuwa amesinzia. Nikaingiza mkono chini ya mto, nikatoka na daftari lake la sala. Nalijua daftari hilo tangu utotoni. Huandika jina la mtu, kisha mbele yake anachomwombea. Nikalifungua ukurasa wa mwisho kwa udaku tu. Mwenye duka, mguu wake. Mtoto wa mjomba, mtihani. Jirani wa juu, apate kazi. Halafu, kwa mwandiko uliokuwa umeanza kutetemeka: Mama Cherehani. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Alifumbua macho akanikuta nacho mkononi.

“Mama, huyu si wa redioni?”

“Ndiye.”

“Huyu nimemtunga mimi!”

“Na wewe umetungwa na nani?”

“Sasa si uniombe mimi tu? Mwenye kalamu niko hapa mbele yako.”

“Wewe sikuamini,” alisema. “Umeshaua wengi.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Naye akacheka, akashika ubavu kwa maumivu, akaniambia niache kumchekesha. Lakini nilipoingia jikoni kuchemsha maji, kicheko kikaniisha. Awamu ya kwanza ilimwangusha siku nane, hali wala hanywi. Ya pili alikuwa ameikubali kwa shingo upande, na mimi nilijua kinachomnyanyua kitandani kwenda hospitali ni ile imani yake tu. Sasa Ijumaa asikie Mama Cherehani kafa, baada ya kumwombea kila asubuhi? Angejiuliza, kama yule sala haikumfaa, mimi itanifaa? Mimi nisiyeamini chochote niliogopa imani ya mama yangu isije ikavunjika, maana ndiyo iliyokuwa inamweka hai.

Ijumaa sikuua mtu. Nilimpeleka Mama Cherehani chumba cha upasuaji.

Bosi alikuja juu. “Nani atamwigiza? Mwenyewe anaondoka Jumapili!”

Nikamwambia mgonjwa haongei. Fundi wetu wa sauti alikuwa na rekodi za miaka sita kwenye kompyuta. Tulikuwa na vikohozi vyake, miguno yake, “ahsante” nne, “ndiyo” nyingi tu, na “haya, mwanangu” moja safi kabisa. Tukawa tunamwendesha kwa vipande hivyo. Binti yake kwenye mchezo anaongea, anaongea, halafu tunachomeka kikohozi. Binti anamwomba akubali matibabu mengine, fundi anabonyeza, na Mama Cherehani anajibu, “Haya, mwanangu.” Fundi alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni, lakini alifanya.

Tulikwenda hivyo wiki tisa. Nilimpasua mara mbili. Nilimletea daktari kutoka mbali, nikamwongezea damu, nikampa nafuu, nikamrudisha hali mahututi, nikampa nafuu tena. Mchezo uliharibika, na najua ulivyoharibika kwa sababu nilikuwa naandika vibaya kwa makusudi, mwaka wa kumi na moja wa kazi yangu. Msikilizaji mmoja alituma barua: “Muacheni mama wa watu.” Niliichana kabla bosi hajaiona.

Na mama yangu naye, wiki hizo hizo, alimaliza awamu ya pili. Ngozi ya viganja ikamtoka, mdomo ukajaa vidonda. Daktari akasema ya tatu inaweza kujaribiwa, ila hawezi kuahidi kitu. Nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake na bakuli la supu.

“Mama, ya tatu hii ndiyo yenyewe. Tumefika mbali. Tujaribu, eti?”

Alinitazama muda mrefu. “Sawa,” alisema.

Nikambusu mkono. Nilitoka pale nikiwa na furaha, nikaipigia simu hospitali, nikaandikisha kitanda cha Alhamisi.

Jumanne jioni nilikuwa nimeketi naye wakati mchezo unaanza. Ilikuwa sehemu niliyojivunia: Mama Cherehani anatoka upasuaji wa pili, daktari anasema ajabu, amepona hatari. Binti yake analia kwa furaha. Kikohozi. “Ahsante.” Muziki.

Mama akanyoosha mkono, akazima redio kabla muziki haujaisha. Miaka kumi na moja hakuwahi kufanya hivyo.

“Hukupenda?” niliuliza. “Si umejibiwa?”

“Nimejibiwa nini?”

“Mama Cherehani kapona! Si ndicho ulichokuwa unamwombea?”

Aligeuza uso kwangu pole pole. “Nani kakwambia namwombea apone?”

Nikaitazama redio iliyozimwa.

“Namwombea apumzike,” alisema. “Wiki tisa namwombea apumzike, na kila nikiwasha redio nakuta wamemchana tena. Nimeshaanza kumlaumu Mungu, kumbe ni wewe.”

“Mama, mimi nilifanya kwa ajili yako! Nimegombana na bosi, nimeharibu kazi yangu kwa ajili yako!”

“Kwani nilikutuma?”

“Nilidhani…”

“Ulidhani. Hukuuliza. Yule mwanamke haongei tena, umesikia? Anakohoa kikohozi kile kile kila siku. Binti yake anaingia na maneno matamu, tujaribu hiki, tujaribu kile, naye anasema haya. Hataki yule. Anasema haya ili mtoto asilie.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimewaza kitu kama hicho nilipokuwa naandika. Naapa sikuwaza. Nilikuwa nahangaika tu na vipande vya sauti.

“Na wewe?” nikamuuliza. “Alhamisi?”

Nje mtu alikuwa akiburuta kiti uani.

“Nimechoka, mwanangu,” alisema. “Nimechoka mpaka mifupa. Ningekwenda. Ungeniomba na ya nne, ningekwenda.”

Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Nilikasirika. Nilisimama nikamfokea mama yangu mgonjwa, nikamwambia ni mbinafsi, nikamwambia anaomba kufa huku mimi nikilala chini nyuma ya kabati, nikamwambia basi amwambie huyo Mungu wake anitafutie mama mwingine. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri nikiwa mdogo nikijitupa chini sokoni. Nilipoishiwa pumzi akapigapiga kitanda, nikaja nikakaa.

“Lete kompyuta yako,” alisema. “Tummalize yule mwanamke kwa heshima.”

“Siwezi.”

“Kumi na wanne uliwezaje?”

Nikaileta. Nikaiweka mapajani, nikaanza kama ninavyojua mimi. Mgonjwa anamwita binti yake, anampa wosia, sauti inafifia, kimya cha sekunde nne, muziki wa filimbi. Nikamsomea mama. Akakunja uso.

“Toa huo wosia. Mtu akifika hapo hana hotuba. Asiseme kitu.”

“Redioni mtu asiposema hayupo.”

“Basi aseme binti. Yeye ndiye mwenye kazi ya kufanya hapo.”

“Aseme nini?”

“Amwambie aende.”

Nikaandika: *Binti: Mama, nenda kapumzike.* Nikafuta. Nikaandika: *Mama, umeteseka sana.* Nikafuta hiyo pia. Kila sentensi ilikuwa ya uongo, na mimi uongo wa kalamu naujua kwa harufu. Nilijaribu mara saba au nane. Wenzangu husema kuna siku maneno yanakukataa, nami huwacheka. Jioni ile yalinikataa, na siyo kwa sababu nilikosa ufundi. Sikuwa tayari yawe kweli.

“Andika hivi,” mama alisema, macho kayafumba. “Mama, nimekushikilia vya kutosha. Nenda. Mimi nitabaki, na nitakula.”

“Nitakula?”

“Ndicho anachokihofia yule. Mtoto wake akiwa na huzuni hali.”

Ni kweli, mimi nikiwa na huzuni sili. Tangu utotoni. Niliandika maneno yale kama alivyoyasema, bila kuongeza nukta.

“Sasa nisomee.”

“Umeshayasikia, ni yako.”

“Nisomee, mwanangu.”

Nikasoma. Nilifika kwenye “nimekushikilia” sauti ikakatika, nikaanza upya. Mara ya pili nikakwama kwenye “nenda.” Alikuwa ananitazama, hakunisaidia. Mara ya tatu niliacha kuangalia kompyuta. Nilimwangalia yeye, nikayasema yote mpaka mwisho, mpaka “nitakula,” na kamasi zikinitoka bila aibu. Mama akavuta pumzi ndefu, akashusha mabega. Sikuwa nimejua kwamba miezi yote ile alikuwa ameyakaza.

“Hapo umeandika,” alisema. Kisha akalala.

Jumatano asubuhi niliipigia simu hospitali nikawaambia kitanda cha Alhamisi wampe mtu mwingine. Muuguzi aliniuliza tunahamishia lini. Nikasema hatuhamishi. Nikakata simu, nikabaki nimesimama kwenye korido baina ya mlango wa mama na mlango wa choo, kompyuta iko mezani, na kazi ya kuandika ya siku ile sijaigusa.

Nikapiga magoti pale pale juu ya vigae. Tangu nina miaka kumi na minne sijasali, wala sikujua naongea na nani, na nilijisikia mjinga kama mtu anayejaribu funguo kwenye nyumba isiyo yake. Sikuomba apone. Nilimwomba amchukue mama yangu, tena upesi, kabla hajaumia zaidi. Niliyasema kwa sauti, kama mama alivyonilazimisha jana yake, na nilipoyasikia masikioni mwangu nikajiziba mdomo.

Nilijibiwa baada ya siku kumi na mbili, alfajiri, mama akiwa usingizini. Mpaka leo nimeshindwa kushukuru.