Tandiko la Ngozi ya Mbuzi

Ebla aliisikia harufu ile kabla hajavua viatu. Alikuwa ametoka Wajir kwenye matanga, na badala ya kwenda kwake kuoga alipitia kwanza mtaa wa Bulla Iftin, Garissa, nyumbani kwa kakake Mustafe, amwone mama yao. Mlangoni akasita. Alidhani paka amefia darini.

"Ingia, abaayo!" Mustafe alimwita dada yake kutoka sebuleni. "Umefika wakati wenyewe!"

Sebuleni walikaa wanaume watatu, rafiki zake Mustafe, mashavu yamevimba miraa, mmoja akitemea ndani ya gilasi ya chai. Mama yao, Maryan, alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na dirisha, mtandio wake wa garbasaar ameukunja mara mbili puani. Alimtazama Ebla kwa macho ya mtu anayeomba maji. Katikati ya chumba, juu ya meza, mashine ya santuri ilikuwa inazunguka.

Mashine ilikuwa ya Ebla. Aliinunua Nairobi kwa sababu ya santuri moja tu. Mama, alipokuwa msichana, aliimba na wenzake wimbo wa harusi uliorekodiwa, na tangu wakati huo hakuwa ameusikia tena. Ebla aliitafuta kwa ndugu hadi akaipata Elwak, ndani ya sanduku la bati la mjomba wao, imepindwa na joto kama kifuniko cha sufuria. Siku ya kwanza walipoipiga iliteleza juu ya sahani ya mashine na kuyumba, na sauti za wale wasichana zikawa zinapanda na kushuka kama za walevi. Mama alicheka, kisha Ebla akaona amehuzunika.

Fundi wa Nairobi alimweleza dawa yake kwa simu: tandiko jipya la mpira la kuweka juu ya sahani, santuri isiteleze, na kibanio cha kufungwa kwenye kile kijiti cha katikati, kiikandamize santuri ilale. Vitu hivyo viliwasili kwa basi siku ile ile ya habari za msiba. Ebla akamwachia Mustafe vyote, pamoja na mashine.

"Fungua boksi, weka tandiko, halafu kaza kibanio. Basi. Usiongeze kitu," alimwambia.

Lakini Mustafe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na alikuwa ameona video.

"Umeona?" alisema sasa, akisimama kama mwalimu mbele ya darasa. "Wenye kujua muziki hawatumii mpira. Wanatumia ngozi! Ngozi inameza mtikisiko, besi inatulia. Wao wanaagiza ya ng'ombe kutoka ng'ambo. Sisi tumejaa ngozi hapa hapa Garissa. Hiyo nimeikata mwenyewe, ya mbuzi, mbichi kabisa, haijapita kiwandani hata kidogo."

"Mbichi?" Ebla aliuliza.

"Niliianika juu ya paa. Ilikuwa inakaribia kukauka."

Ebla alisogea. Chini ya santuri ya mama yake ilichungulia duara ya ngozi, kingo zimejikunja, manyoya bado yapo upande mmoja. Juu ya santuri Mustafe alikuwa amepachika jiwe la mizani la buchani, jeusi kwa mafuta ya miaka. Joto la Garissa lilikuwa limefanya kazi yake. Shahamu ilikuwa imeyeyuka ikatoka, ikapanda ukingoni mwa santuri na kuingia kwenye mifereji yake, nayo sindano ilikuwa inalima humo, ikivuta nyuma yake donge dogo la manjano lenye nywele. Nzi walitua, wakazunguka na santuri, wakaruka.

Kutoka kwenye spika ilitoka sauti kama ya watu wanaoimba chini ya blanketi.

"Sikia besi hiyo," alisema rafiki mmoja, akafuta mdomo kwa kiganja.

Ebla aliinua mkono wa sindano. Akaliondoa jiwe, likamteleza vidoleni. Kisha akashika santuri kwa kingo na kuivuta. Haikutoka. Alipovuta tena ilibanduka kwa sauti ya unyevunyevu, na kwenye ngozi, pale ilipokuwa imefunikwa, akaona vitu vyeupe vyembamba vikijinyonganyonga kukimbia mwanga.

Alifika uani kabla hajatapika. Alitapika akiwa ameinyanyua santuri juu kwa mkono mmoja ili isichafuke zaidi.

Mustafe alimfuata. "Ni harufu tu, walaal. Ukizoea huisikii."

"Hooyo amekaa hapo tangu lini?"

"Tangu adhuhuri. Hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu anakuonea haya mbele ya wageni wako! Umemketisha mama yako mbele ya mzoga umwimbie. Sauti yake, Mustafe. Ya ujana wake. Umeipaka mafuta ya mbuzi, halafu unaniambia habari za besi?"

Mustafe alitaka kujibu, lakini mama alikuwa ametoka mwenyewe, akijikokota kwa fimbo. "Nipeleke kwako," alimwambia Ebla. Ebla akabeba mashine na lile boksi la tandiko na kibanio, wakaondoka.

Ebla alikuwa na duka la dawa, na usafi ndio kazi yake. Jioni hiyo aliiosha santuri kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, akifuata mifereji kwa pamba, akibadilisha pamba kila ilipogeuka manjano. Nywele alizitoa moja moja kwa kibano. Mara mbili ilimbidi aache, atoke nje, avute hewa. Sindano aliisafisha kwa spiriti. Alipomaliza aliweka tandiko la mpira, akalaza santuri, akakaza kibanio mpaka ule mpindo ukatulia.

Wasichana waliimba. Sauti ilisimama imara, haikuyumba, na ngoma ilisikika wazi nyuma yao. Mama aliinamia spika.

"Huyo ni Lul," alisema. "Huyo Ebla, niliyekupa jina lake. Na huyo... huyo ni mimi." Akaguna. "Mbona nilikuwa nabana pua hivyo?"

Walicheka. Kisha ukafika ubeti wa tatu, na sauti ikazama, ikawa mkwaruzo mtupu. Hapo ndipo nywele zilipokuwa zimesugua zaidi. Ebla aliosha tena, akapiga tena, mkwaruzo ukabaki.

"Maneno yalikuwa yapi hapo, hooyo?"

Midomo ya mama ilijaribu maneno. "Sikumbuki," alisema. "Lul angekumbuka. Lul amekufa."

Kesho yake Mustafe alibisha getini, ameoga, amejipaka manukato, mkononi ana kitu kilichofungwa gazetini. Alisema amejua kosa lilikuwa wapi: mbuzi ana mafuta mengi, afadhali ngamia.

Ebla alimtazama usoni, akaona kwamba hatanii. Alifunga geti, akasukuma komeo mpaka mwisho.