Maneno ya Kwenye Kikwembe

Tuseme ukweli: darasa la Madame Émérence ndilo lililosikika mpaka barabarani. Alipiga fimbo ubaoni, watoto wakaimba ukurasa mzima pamoja, na sauti ya Hadassa ikazipita zote. Nani basi angejua kwamba mtoto huyo hakusoma hata neno moja? Alikuwa anaimba tu! Madame alikuja kugundua mwaka huu, shule zote za serikali za Likasi zilipoambiwa ziache kwaya ile, kila mtoto asome peke yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, kidole chini ya silabi. Hadassa alisimama na kitabu chake, asijue pa kuweka kidole. Madame alitamani ardhi immeze.

Tangu siku ile Madame alikaa naye kila siku, ba, be, bi, mpaka chaki inaisha mkononi.

Sasa mama yake Hadassa alikuwa mlangoni mwa darasa, amefura kwa hasira, na haki alikuwa nayo.

"Madame, mulisema anajua, nikaamini. Leo anarudia darasa! Kesho anaenda na shangazi yake kule ku migodi ya Kakanda, kuuza maji kwa bachimbaji. Masomo imeisha."

"Mama Hadassa, sasa anasoma kweli. Nakuomba, umusikilize."

Hadassa akasoma ukurasa wa kitabu bila kukwama. Mama akacheka kwa uchungu.

"Hata mwaka jana aliimba vile vile."

Ilikuwa kweli tupu.

"Basi chagua weye mwenyewe kitu chenye hajasoma," Madame akasema.

Mama akatazama huku na huku. Atachagua nini, naye herufi hazijui? Hapo Hadassa akaondoka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya mama yake, akaweka kidole kwenye pindo la kikwembe alichojifunga mama kiunoni. Kilikuwa kikwembe cha bamama wa kanisa la mtaa wa Kikula, kimepauka kwa kufuliwa, na maandishi yamezunguka pindo lote.

"Ba... ma... ma. Bamama. Ba Ki... ku... la." Akavuta pumzi. "Mu... ngu. A-na... tu... o-na. Mungu anatuona."

Madame Émérence akasogea karibu. Maneno haya hakumfundisha yeye, wala mtu mwingine yeyote! Alifundisha miaka yote hiyo, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kumwona mtoto anasoma. Aliogopa hata kukohoa.

"Eh, Yesu!" mama akasema polepole. "Njo inasema vile? Wenzangu bote banajua, miye nilikuwa naona haya kuuliza. Hadassa, hii kikwembe njo nilivaa siku ya kuzika baba yako."

Machozi yakamtoka mbele ya darasa zima, wala hakuyafuta. Habari ya Kakanda hakuigusa tena. Aligeuka taratibu, akampa mtoto mgongo, akanyoosha pindo vizuri kwa mikono miwili.

"Na huku nyuma," akauliza, "inasema nini?"