Klasi ya Boda

Musoki aliacha shule darasa la tano, lakini Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliijua. Likizo nzima binamu yake Gorret, mwanafunzi wa chuo cha kompyuta Kasese, alimshikisha daftari amsikilize akikariri majibu ya mtihani. Gorret alisahau, Musoki akashika.

Basi mwalimu Byamukama alipotangaza kwamba hata asiye na cheti atapokewa chuoni bila ada, mradi alete klasi, yaani kipande cha programu, aliyoiandika kwa mkono wake, Musoki alikaa kibarazani kwao Bwera akaandika. Swali, lile lile la zoezi la mtihani la wanafunzi wake, lilitoa interface, yaani mkataba wa kazi, iitwayo Chombo, yenye kazi mbili, beba na vuka, na klasi yoyote iliyojifunga kwa Chombo sharti ifanye zote mbili. Yeye aliandika Boda. Kwenye vuka aliihamisha boda kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa pikipiki ya Bwera hupita kushoto mwa barabara, lakini ikishapita mpakani hufuata upande wa kulia, kama wanavyoendesha Congo.

Kuipeleka ndiko kulikomshinda.

"Lete nikupelekee," Gorret alisema. "Wewe ukimwona mwalimu si utaingia chini ya meza?"

Musoki akampa karatasi. Wiki mbili zikapita bila jibu. Musoki alijikaza, akapanda gari hadi Kasese. Kwenye ukuta wa darasa, karibu na mlango, palibandikwa jibu bora la zoezi la mtihani: class Boda implements Chombo. Alisoma mpaka kwenye "kulia". Juu kabisa paliandikwa Gorret.

"Wee mama Congo!" wanafunzi walimtania Gorret. "Boda yako inatafuta ajali?"

"Msicheke," mwalimu alisema. "Aliyeandika hivi anaujua mpaka. Na huyu dada mlangoni?"

"Amenisindikiza tu, mwalimu," Gorret aliwahi. "Iko mutu wa haya."

Musoki aliingia hatua moja. "Ile nafasi ya bure, mwalimu?"

"Ilifungwa Ijumaa. Hakuna aliyeleta kitu."

Gorret alimvuta nje kwa mkono. "Usiniharibie, dada yangu. Nilikuwa nafeli. Mwakani utaandika ingine."

Musoki aliung'oa mkono wake, akarudi ndani, akasimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Ile Boda niliandika mimi."

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama Gorret.

"Mwalimu, huyu?" Gorret aliangua kicheko. "Huyu hata darasa la sita hakufika!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akamwonyesha Musoki mlango.